Nilivyoizima Taa ya Mwalimu

Wiki iliyopita niliwaacha pale Mwalimu alipoingiza gari lake gerejini kwa mara ya tatu, taa ya njano ikiwaka vilevile kama alivyoondoka nayo. Leo inanipasa kueleza nilichofanya. Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta mara nne, na kila nilipofuta nilikuwa natafuta namna ya kuonekana afadhali kidogo. Sikuipata.

Kwa ambaye hakuwa nasi: mimi ndiye yule msichana mwenye shahada ya uhandisi wa mitambo, niliyezunguka na bahasha ya vyeti miaka miwili hadi bahasha ikachanika, nikaishia kwenye gereji ya Baba Mdogo. Gerejini wananiita Digrii. Baba Mdogo wanamwita Sikio, kwa sababu ukimwashia gari hufumba macho kidogo, akasikiliza, kisha akakwambia linaumwa wapi. Ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki nikiwa darasa la pili.

Na wiki iliyopita niligundua kuwa kufumba macho si mbwembwe. Baba Mdogo haoni. Jicho la kushoto limefunikwa na ukungu kabisa, la kulia linafuata. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote. Hospitali ya macho hataki kusikia, maana anasema siku akionekana kwenye foleni ile, kesho yake hakuna atakayemwachia hata baiskeli. Nikaapa kunyamaza.

Sasa tuendelee na taa.

Ni ile yenye picha ya gari dogo na mistari miwili iliyopinda nyuma yake. Ikiwaka, gari linakwambia kwamba kwenye utelezi halitaweza tena kuyazuia magurudumu yasizunguke bure. Huwaka pamoja na taa ya ABS, ile ya breki zisizoyafunga magurudumu, kama pacha, na sisi tumezoea kuzihesabu kuwa taa moja. Mama yake Mwalimu, ambaye wote tunamwita Bibi, aliiita taa ya nyoka.

Bibi figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki bintiye humpeleka hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu. Njia ziko mbili. Ya mlimani ni dakika ishirini, udongo mtupu, kona juu ya kona. Ya chini ni lami, lakini inazunguka, na kwa foleni unaweza kuimaliza saa nzima.

Taa ilipowaka mara ya kwanza, Mwalimu aliniuliza afanye nini. Nilifurahi kuulizwa. Nilikuwa nimebandika ukutani karatasi niliyoichora kwa mkono, yenye taa zote za dashibodi na maana zake, na hakuna mteja aliyewahi kuisoma. Nikampeleka pale, nikamwonyesha, nikampa kanuni rahisi.

"Ikiwaka, pita njia ya chini. Ikizima, pita mlimani."

Akaiandika nyuma ya mkono kwa kalamu, kama mwanafunzi. Mwalimu mzima. Nilijisikia kwamba ile miaka minne ya chuo haikwenda bure.

Kumbukeni kanuni hiyo.

*

Siku ile ya tatu Mwalimu aliliacha gari saa moja asubuhi. Alimwambia Baba Mdogo, kwa heshima zote, kwamba amevumilia. Alisema anahitaji gari saa tatu, Bibi ana miadi saa nne, na kama taa itawaka tena atalipeleka kwenye ile gereji kubwa yenye vioo. Baba Mdogo akacheka, akasema wale wanajua kupangusa vioo tu. Lakini Mwalimu alipoondoka, kicheko kilikatika ghafla.

Mara mbili za mwanzo alikuwa amechomeka mashine ya kusomea hitilafu, akazifuta, akarudisha funguo. Taa inazimika, gari linatoka getini, likishapita mwendo wa baiskeli taa inawaka upya. Nikamwomba safari hii aniachie mimi.

"Haya, Digrii," akasema. "Mfanyie mtihani."

Mashine ilisema: gurudumu la nyuma kushoto, sensa, kile kifaa kinachohesabu mizunguko yake, haileti mawimbi. Nikaliinua kwa jeki. Nikabadilisha sensa. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, bado kimya. Nikapima waya kutoka kwenye sensa hadi kwenye boksi lake, nikautikisa kila penye kona, mzima. Nikarudi kwenye gurudumu, nikazungusha tena huku nikitazama mita. Namba haikusogea.

Sensa nzima, waya mzima. Kilichobaki ni kile ambacho sensa inakisoma, yaani beringi, ile pete ya gololi inayobeba gurudumu.

Nikakumbuka kwamba wiki moja kabla ya taa kuwaka, gurudumu lile lilikuwa linavuma, na Baba Mdogo akabadilisha beringi. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda kwenye usaili wa kazi ambayo, kama nilivyosimulia, ilikuwa imeshapata mwenyewe kabla sijafika.

Hapa nifafanue kidogo, maana msiba wote uko hapa. Beringi za zamani pande zote mbili ni sawa, ukiigeuza hakuna kilichoharibika. Hizi mpya upande mmoja una pete nyembamba ya sumaku iliyofichwa ndani ya mpira, na sensa huhesabu zile sumaku zinapopita mbele yake. Upande wa sumaku lazima utazame sensa. Ukiupapasa kwa kidole, ni sawasawa na mwenzake. Tofauti ni rangi tu, mmoja mweusi, mwingine kahawia.

Nikachomoa kibanio cha karatasi kwenye daftari langu. Nikafungua diski ya breki, nikakisogeza kwenye upande wa nje wa beringi, upande ambao hauna sensa.

Kikaruka kutoka kwenye vidole vyangu, kikanata.

Sitasema uongo, kwa sekunde chache nilifurahi. Nilikuwa nimeupata ugonjwa, peke yangu, kwa kibanio cha karatasi. Kisha nikainua kichwa nikamwona Baba Mdogo ng'ambo ya uwanja, ameinamia injini ya mtu, macho ameyafumba, anasikiliza.

*

Nilimwita. Akaja akifuata sauti yangu, mguu mmoja ukagonga jeki.

"Beringi imeingia kinyume, Baba Mdogo."

"Beringi haina kinyume."

"Hii inayo."

Akachutama, akaingiza vidole, akapapasa taratibu kuzunguka. Vidole vile nimeviona vikipata ufa usioonekana hata kwa tochi. Akasema iko sawa, imekaa vizuri, haina mchezo. Na kweli ilikuwa imekaa vizuri. Nikachukua kibanio, nikakiweka kwenye vidole vyake, nikaongoza mkono wake. Kikavutwa. Akakirudisha nyuma, akakisogeza, kikavutwa tena.

"Sumaku," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo haina sauti."

"Haina."

Akaketi juu ya tairi, kibanio bado mkononi, anakikunja na kukikunjua.

Mchomeaji, yule mwenye karakana ya mageti jirani yetu, akapaza sauti kutoka kwenye cheche zake. Aliuliza kama Digrii amegundua gari lina malaria au ni uchovu tu. Watu wakacheka. Nikajibu kwamba ni waya umekatika, kitu kidogo. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka kwa urahisi mno.

Nikapiga simu madukani. Beringi ikishatolewa kwa presi, ile mashine ya kukandamizia, imekufa, haigeuzwi, inatakiwa mpya. Duka la tatu wakasema ipo, italetwa kesho asubuhi.

Basi jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na ndiyo maana linaniuma. Tungerudisha gurudumu, tukamwambia Mwalimu kwamba tulikosea, beringi iko kinyume, leo taa itawaka, pita njia ya chini, kesho tunamaliza. Breki za kawaida zilikuwa nzima. Asingeumia mtu. Nilimwambia Baba Mdogo hivyo hivyo, neno kwa neno.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taa ikiwaka, Mwalimu haji tena hapa kesho. Anakwenda kwenye vioo. Kule watafungua, wataona, na hawataficha, kwa sababu kosa lile halifanywi na fundi wa mwaka wa kwanza mwenye macho. Watauliza ni nani. Wataambiwa ni Sikio.

"Na wakijua siwezi tena kufunga beringi," akasema, "mimi nitakuwa nani, mwanangu?"

Nikasema atakuwa Baba Mdogo.

"Hiyo ni kwako."

Ndipo akaniambia niizime. Siku moja tu. Kesho beringi ikifika tutamwita Mwalimu, tutamwambia tunakagua breki bure, tutabadilisha, tutarudisha waya wake mahali pake, na hakuna atakayejua. Yeye mwenyewe asingeweza, nyaya za nyuma ya dashibodi ni nyembamba kama nywele. Nikakataa. Nikamkumbusha karatasi yangu ya ukutani. Nilisema maneno mengi mazuri, sina haja ya kuyarudia.

Akainuka kwenda kunawa mikono.

Bomba letu liko pale ukutani tangu gereji inafunguliwa. Akanyoosha mkono, akakosa. Akashika ukuta. Akatelezesha kiganja kulia, kisha kushoto, kisha juu, akigeuza kichwa upande ule wa Mchomeaji kana kwamba anamtazama, ili mtu akimwona adhani anawaza jambo. Mkono uliendelea kutafuta. Mkono ulionifunga kamba za viatu.

Nikaenda nikamfungulia maji. Kisha nikachukua bisibisi.

*

Nilitumia dakika ishirini. Nilifungua dashibodi, nikatafuta waya wa taa ya nyoka na wa pacha wake, nikaziunganisha na waya wa taa ya betri. Ukigeuza ufunguo zinawaka zote, kama kawaida. Injini ikinguruma, taa ya betri inazimika, na nyoka nao wanazimika. Wanalala hapo hapo, hata gari liwe linateleza kuelekea kaburini.

Nilitia solda, ile risasi ya kuunganishia nyaya. Nikavisha kila kiungo kimrija cha plastiki kinachobana kikipata moto. Nikafunga kwa vibanio vidogo vyeupe, viwili viwili, kichwa kikitazama juu, kama mhadhiri wetu wa umeme alivyotufundisha. Ilikuwa kazi nzuri. Hakuna aliyewahi kufanya kazi nzuri namna ile katika gereji yetu, kwa maana sisi hapa tunasokota nyaya na kuzungusha tepu nyeusi, basi.

Saa tatu na nusu, amechelewa, Mwalimu alifika, Bibi akiwa amemshika mkono, blanketi begani. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mwalimu alilizungusha gari mtaani mara mbili, akarudi, akashuka huku anatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Limepona?" akaniuliza. Hakumuuliza Baba Mdogo. Aliniuliza mimi.

"Limepona, Mwalimu."

Bibi alikuwa ameshaketi kiti cha mbele. Akateremsha kioo, akaniita kwa kidole.

"Wale nyoka wameondoka?"

"Wameondoka, Bibi."

"Basi umewaua wewe. Hawa wanaume wangewafukuza tu, wakarudi." Akanishika kiganja, akakiminya. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Nikitoka kwenye lile dubwana la damu nitakuchagulia mume. Si huyu mchoma mageti, huyu atakuunguza."

Tukacheka, hata Mchomeaji. Nikasogea upande wa dereva, nikamwambia Mwalimu kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo leo apite njia ya chini.

"Kwa nini? Si imezima?"

"Mvua."

"Si wewe uliyenifundisha? Ikizima, mlimani. Tumechelewa, mwanangu, na juzi alikosa zamu yake kwa ajili ya hili hili gari."

Nikafungua mdomo. Nyuma yangu Baba Mdogo akakohoa. Halikuwa tishio. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayengoja hukumu yake.

Nikafunga mdomo. Mwalimu akapiga honi ya kutuaga. Pale penye njia panda, mwisho wa mtaa, nikaiona taa yake ya kupindia ikimeta upande wa mlima.

*

Simu ilikuja saa nne na dakika kumi. Namba ya Mwalimu, sauti ya mwanamume nisiyemjua. Alisema ameona jina langu ndilo la mwisho kupigiwa. Alisema kona ya tatu, mteremko, gari lilianza kucheza mkia, dereva akakanyaga breki, likateleza kama sabuni likaingia mtaroni na kugonga jiwe. Alisema dereva anaongea. Nikamuuliza kuhusu yule mama mzee.

"Huyo tumemtoa," akasema, na hakuongeza.

Kesho yake nilikwenda wodini. Beringi mpya ilikuwa imeletwa asubuhi ile ile, kama walivyoahidi. Niliiacha mezani ndani ya boksi lake.

Mwalimu alikuwa amevunjika mtulinga, mkono umefungwa kifuani. Bibi alikuwa chumba kingine, kichwa kimepigwa, hajafumbua macho. Nilikuwa nimejiandaa. Njiani kote nilikuwa nakariri sentensi moja: Mwalimu, mimi ndiye niliyeizima taa, gari halikuwa limepona.

Nilipomwamkia, akaanza yeye. Aliniomba radhi.

Alisema polisi wamekuja kuandika maelezo, na wanasema ni uzembe wa dereva. Alisema wako sahihi. Alikuwa na haraka, taa ilikuwa imezimika, akajiamini, akaingia kona kama mtu mwenye gari zima. Bibi akifa watamshtaki, na hatajitetea.

"Wakikuuliza, waambie gari lilikuwa zima," akasema. "Sitaki Sikio aingie matatani kwa makosa yangu. Mama anampenda sana yule mzee."

Ningependa kuandika kwamba muuguzi aliingia wakati ule akanikatiza. Hakuna aliyeingia. Tulikuwa wawili, dirisha lilikuwa wazi, nilikuwa na muda wa kutosha. Nilimmenyea chungwa. Nilimlisha, kipande kwa kipande, kwa sababu mkono wake haukufanya kazi. Kisha nikaaga.

Niliporudi gerejini nilimweleza Baba Mdogo kila kitu. Nilimwambia kwamba Mwalimu anajibebesha mzigo wetu, na kwamba kwa macho haya mawili yangu nimemwona akilia bila kujifuta. Akachukua lile boksi la beringi, akaitoa, akaomba kibanio cha karatasi. Akakipitisha upande mmoja, kisha upande wa pili, tena na tena, hadi kikawa kinajua njia.

*

Siku ya tatu tuliitwa kituoni, kwenye uwanja wa magari yaliyogongana. Mkaguzi wa magari alikuta karatasi yetu ya matengenezo kwenye droo ya dashibodi. Ni mtu mpole, mwembamba, penseli nyuma ya sikio. Mvua ilikuwa inanyesha, akatukaribisha chini ya banda ambako gari limevutwa. Pua ya upande mmoja ilikuwa imekwenda. Blanketi la Bibi lilikuwa bado kwenye kiti.

Alituambia ana fomu moja tu ya kujaza, yenye sehemu mbili: hitilafu ya gari, au kosa la dereva. Alisema hadi sasa kalamu yake inaelekea upande wa dereva, ila kuna jambo dogo linamsumbua.

Akageuza ufunguo. Betri ilikuwa nzima, taa zote zikawaka, nyoka nao. Akaniambia nitazame dashibodi nisipepese. Yeye akaenda mbele, akaingiza mkono kwenye injini upande usiogongwa, akachomoa plagi ya jenereta inayochaji betri.

"Kimetokea nini?"

"Taa ya betri imezimika," nikasema.

"Na nini kingine?"

Akaja akachungulia mwenyewe.

"Na ya utelezi imezimika nayo," akasema. "Miaka yangu yote sijapata kuona taa ya utelezi inayolishwa na jenereta."

Akachukua mashine yake, akasoma: gurudumu la nyuma kushoto, sensa haileti mawimbi. Hakuharakisha. Akauliza nani aliyefunga beringi ya gurudumu lile.

"Mimi," akasema Baba Mdogo.

"Umeifunga kinyume, mzee."

"Najua. Nimeifunga kinyume."

Mkaguzi akaandika. Kisha akajilaza kwenye kiti cha dereva, tochi mdomoni, mikono nyuma ya dashibodi. Alipotoka alikuwa amevuta fundo la nyaya hadi kwenye mwanga. Solda ikang'aa. Vibanio vyeupe, viwili viwili, kichwa kikitazama juu.

"Na huu?"

Mwalimu, nikawaza. Mwalimu anatoka kwenye ile sehemu ya pili ya fomu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema.

"Na huo ni mimi," akasema Baba Mdogo.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Huyu binti siku hiyo hakuwepo."

Mkaguzi alilitazama fundo kwa muda mrefu. Akasema ni kazi safi, ya mtu aliyekaa darasani. Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa vipande viwili vya waya mwembamba na kibanio kimoja cheupe, akavitia kwenye kiganja cha Baba Mdogo.

"Nionyeshe."

Baba Mdogo aliukwangua waya wa kwanza kwa meno, kama anavyofanya siku zote. Wa pili pia. Akaviinua karibu na jicho la kulia, akazileta ncha mbili zikutane. Zikapishana. Akashusha pumzi, akajaribu tena kwa utulivu, kama mtu anayetunga uzi. Zikapishana. Maji ya mvua yalikuwa yanagonga bati.

"Macho yako yana nini, mzee?" Mkaguzi akauliza taratibu.

"Jua," akasema Baba Mdogo.

Tulikuwa tunaisikia mvua wote watatu.

Nikapiga hatua moja mbele. Haikuwa kubwa, ilikuwa unyayo tu kwenye kokoto. Lakini yeye aliisikia. Aliyekuwa ameshindwa kukutanisha nyaya mbili mbele ya uso wake alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika kiwiko mara moja, pasipo kukitafuta, akakiminya kwa nguvu iliyonirudisha utotoni. Nyamaza, ulisema mkono ule.

Mkaguzi akachukua penseli yake kutoka nyuma ya sikio.

"Mwachie, mzee," akasema. "Mwache binti aseme."

Mkono haukuachia.